Kuchimba Si Kutoa

Hakuna mtu Dar es Salaam anayetoka asubuhi kwenda kumtafuta "mkandarasi wa uchimbaji" amchimbie shimo la choo. Akiuliza hivyo kijiweni ataelekezwa Geita. Neno uchimbaji, likiachwa peke yake, lilishachukuliwa na madini: mchimbaji ni mtu wa dhahabu au tanzanaiti, na mchimbaji mdogo ni huyo huyo mwenye leseni ndogo, hata awe na kifua cha mbeba mizigo wa Kariakoo. Kwa kazi za nyumbani mtaa una desturi yake. Shimo ndilo linalompa mtu jina: mchimba karo, mchimba msingi, mchimba kisima, mchimba kaburi. Kitenzi chimba hakipendi kukaa bila yambwa. Ukikiacha hivyo kitajitafutia chenyewe, na basi la mikoani likisimama porini ili abiria "wakachimbe dawa" hakuna anayebeba jembe.

Serikali nayo ilifuata desturi hiyo. Ile iliyokuwa Wakala wa Uchimbaji Visima na Mabwawa haikujiita Wakala wa Uchimbaji basi. Ilitaja vitu viwili na kila mtu akajua haihusiki na dhahabu.

Mimi naipenda desturi hii, kwa sababu shimo lisilo na kazi halina bei. Anayekuuliza "shimo la nini?" ameshaanza kukufanyia hesabu: kina, upana, kama kuta zitajengewa, kama maji yatatakiwa yakae humo au yazame. Lakini desturi ina pengo lake. Jina la shimo linataja kitakachobaki ardhini, na halisemi lolote kuhusu kilichotoka. Ugomvi mwingi kati ya mwenye nyumba na mchimbaji wake, kwa jinsi ninavyoona na kusikia, unaanzia kwenye lile fungu la udongo lililobaki pembeni, ambalo hakuna aliyelitaja siku ya kupatana.

Tuanze na mashimo yenyewe, maana majina yake hayafanani kutoka mji hadi mji. Karo ni mfano mzuri. Dar es Salaam karo ni shimo la maji machafu, lenye kuta za tofali na mfuniko wa zege, na mtu akikwambia "karo limejaa" unaziba pua. Nairobi karo ni ada ya shule. Huko karo hulipwa, hupanda kila muhula, na mzazi akisema karo imemshinda hatafutiwi gari la kunyonya. Mafundi wa Dar wameingiza pia septiki kwa lile shimo la kwanza ambamo uchafu hutuama na kuoza, na lile la pili, ambalo maji hupelekwa yanywewe na ardhi, wengi wanaliita tu shimo la maji. Katikati kuna chemba, visanduku vya tofali vyenye vifuniko ambamo mabomba hukutania. Mwenye nyumba anayesema "nichimbie karo" huku akilini ana mfumo mzima, na fundi aliyesikia shimo moja, wameshaachana njia kabla sululu haijagusa ardhi.

Mfereji nao una vituko. Tanzania mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa, hasa ya kumwagilia. Kenya mfereji ni kile kinachofunguliwa na kufungwa jikoni, ambacho Mtanzania hukiita bomba. Mwenyeji wa Arusha anayetaka kuchimbiwa mfereji huko Nairobi aseme mtaro, la sivyo ataletewa fundi bomba mwenye spana. Na mtaro wenyewe hubeba maji yasiyotakiwa, ya mvua au ya kuoshea vyombo. Nani aliyetenga hivyo sijui, lakini sikio linakubali: mfereji wa shambani, mtaro wa barabarani.

Kilimanjaro wana mfongo, na Upareni wana ndiva, bwawa dogo la kukusanyia maji usiku ili yafunguliwe asubuhi. Maneno hayo yalikuja na mashimo yake. Mfongo wa Kichaga hutunzwa na watumiaji wake, na ukoo wa aliyeuanzisha huwa na sauti ya pekee juu yake. Upareni kazi ya kuufukua mfereji na kuisafisha ndiva ni ya msaragambo: watu wote wanatoka na majembe, asiyetoka anatozwa. Hapo hakuna mkandarasi wala kibarua, na pengine ndiyo maana hakuna ugomvi wa udongo. Udongo unatupwa ukingoni mwa mfereji ule ule, unakuwa ukingo.

Handaki lina nasaba ndefu kuliko yote. Tumelipata kwa Waarabu, khandaq, nao walilipata kwa Wafursi, na huko kwenye mzizi maana yake ni kilichochimbwa tu. Waislamu wanalijua kwa vita vya Madina vya mwaka wa 5 Hijria, 627 kwa kalenda ya kawaida, ambapo Salman, Mfursi, ndiye aliyeshauri mji ukingwe kwa handaki. Mbinu ilikuwa ngeni kwa Waarabu, na neno lilikuja na mbinu. Leo gazeti linaita handaki lile shimo la askari lililo wazi juu, na linaita handaki vilevile njia ya reli iliyopenya mlimani kule Kilosa, ambayo juu yake kuna mlima mzima. Uani kwako hakuna handaki. Fundi akikwambia shimo lako "limekuwa handaki" anakupa habari kwamba limezidi kipimo, na bei inafuata nyuma.

Msingi ndio unaonichanganya kuliko yote, kwa sababu jina moja limebeba hatua tatu. Kuchimba msingi ni kuchimba mtaro. Kujenga msingi ni kupandisha mawe au tofali ndani ya mtaro huo. Msingi ukiisha, ni ule ukuta uliotokeza juu ya ardhi kwa futi mbili au tatu, tayari kumwagiwa jamvi. (Jamvi, lile la mkeka, ndilo jina ambalo mafundi wa Tanzania wamelipa bamba la zege la sakafu. Jamvi la mkeka hutandikwa, hili humwagwa, na hakuna anayeshangaa.) Sasa mtu aliyeko ughaibuni anapigiwa simu na ndugu yake: "Kaka, msingi umeisha." Anafurahi, anatuma pesa ya tofali. Kumbe kilichoisha ni mtaro.

Kwenye vitenzi Kiswahili ni tajiri kuliko mikataba tunayoiandika. Chimba ni kuiingia ardhi ambayo haijaguswa. Fukua ni kutoa kilichojaa mahali palipokuwa wazi: unafukua mtaro uliojaa mchanga wa mvua, unafukua kisima kilichoporomoka, wanaakiolojia wanafukua Olduvai. Chimbua ni kuchimba ili utoe kitu, muhogo au kisiki. Greda halichimbi barabara, linaichonga, na hapo lugha ilikuwa na jicho zuri, kwa maana greda huondoa kidogo kidogo hadi umbo lionekane. Mtambo wa kisima kirefu kwa haki hutoboa, ila tumezoea kuchimba kisima tangu kisima kilipokuwa cha mkono, na hatukuona sababu ya kubadili kitenzi kwa sababu ya chuma.

Tofauti ya chimba na fukua ni ya fedha. Udongo uliofukiwa miaka mitano iliyopita ni mlaini kuliko ardhi ya asili, unachotwa kwa koleo bila sululu. Mchimbaji mjanja atakupa bei ya kuchimba kwa kazi ya kufukua. Kinyume chake pia kipo: mwenye nyumba mjanja anasema "njoo unifukulie tu hapa", na kijana anafika na koleo lake moja, anakuta ardhi ngumu ambayo haijawahi kuonja chuma.

Kuna kung'oa na kukata. Kiwanja cha Chanika kina mikorosho. Mwenye kiwanja anasema kikatwe miti, kinakatwa, kinapendeza. Visiki viko pale pale chini ya majani, na mkorosho una mizizi ya kuaminika. Visiki vilivyoachwa chini ya jamvi huoza, panabaki uwazi, na sakafu inaanza kutoa mlio wa utupu ukiigonga kwa kisigino. Kusafisha kiwanja ni maneno mawili matamu yasiyosema kama visiki vimo ndani au nje ya bei.

Na sasa fungu la udongo. Nitasimulia niliyoyashuhudia Goba, Dar es Salaam, kwenye mteremko, nyumba ikiwa imeshaezekwa. Mama mwenye nyumba alikuwa amepatana na vijana wawili wamchimbie shimo la duara, kipenyo mita 2, kina mita 3. Walichimba vizuri. Kuta zimesimama wima, chini pamesawazishwa hata ungeweza kutandika mkeka. Walipotoka, wakanawa, wakavaa mashati yao, wakasogea kibarazani kudai chao. Fungu la udongo mwekundu lilikuwa limefunga njia ya kuingilia geti.

"Fundi, na huu udongo?"

"Mama, tulipatana kuchimba. Kuchimba si kutoa."

"Sasa mimi nipite wapi?"

"Hilo, mama, ni suala la tripu."

Kijana hakuwa mkorofi. Alisema sentensi ambayo kamusi ingemuunga mkono. Chimba haina kutoa ndani yake, kama ambavyo haina kufukia wala kushindilia. Kila kimoja ni kitenzi chake na kina jasho lake. Mama naye hakuwa mjinga. Kwake shimo ni uwazi, na uwazi wenye mlima pembeni haujakamilika. Walimalizana kwa majirani kuingilia kati, kwa sauti za juu na hatimaye soda.

Tufanye hesabu ya shimo lile, maana hapa lugha inaficha jambo. Kipenyo cha mita 2 na kina cha mita 3 ni takribani mita za ujazo 9.4. Mama alikuwa ameambiwa lori moja dogo linabeba mita 4, akapiga: tripu mbili na kidogo, hicho kidogo atakimwaga bustanini. Lakini udongo ukitoka ardhini huumuka kama unga wa maandazi. Ulikuwa umebanwa kwa miaka na miaka. Sululu ikiuvunja unaingiza hewa, na ujazo unaongezeka kwa robo, wakati mwingine zaidi ukiwa wa mfinyanzi. Mita 9.4 zinakuwa kama 11.8. Hizo ni tripu tatu kamili. Sijasikia mafundi wetu wakiwa na neno moja kwa jambo hili. Wanasema "udongo umeongezeka", na mwenye nyumba anasikia wizi. Ningependa wachukue kuumuka. Neno lipo, kila mama aliyekanda unga analijua, na lingepunguza tuhuma.

Jina la udongo ule uliotoka ni kifusi. Nalo ni neno lenye nyuso mbili. Kifusi ni kile unacholipa kiondolewe: udongo wa karo, matofali ya ukuta uliobomolewa, plasta iliyobanduka. Kifusi ni kile pia unacholipa kiletwe: udongo wa kujazia ndani ya msingi kabla ya jamvi, au wa kuinua kiwanja kilichoko bondeni. Ubao wa "Tunauza kifusi" na ubao wa "Tunatoa kifusi" unaweza kuukuta kwenye mti mmoja wa barabarani, namba ya simu ni ile ile. Na hakuna hila hapo. Dereva anachukua kifusi cha mama wa Goba kwa malipo, anashuka nacho bondeni, anamuuzia mtu mwingine kwa malipo. Udongo umelipiwa mara mbili kwa safari moja. Mwenye akili anauliza kwanza kama kuna jirani anayejazia.

Lakini si kila kifusi kinafaa kujazia. Chenye majani, mizizi na mifuko ya plastiki kitashuka baadaye na sakafu itakifuata. Hapo ndipo linapokuja neno moramu, ule udongo mwekundu wa kokoto ndogondogo unaoshikana ukimwagiwa maji na kushindiliwa. Jina limetoka Bara Hindi, likaja na wajenzi wa barabara, na Kenya na Tanzania wote wanalo, kwa matamshi yao. Ukiandika "kifusi tripu 10" umeagiza chochote. Ukiandika "moramu tripu 10" umeagiza kitu.

Majina ya udongo yanastahili makala yake, nami nitapita haraka. Vitabu vya shule vinatupa mchanga, tifutifu na mfinyanzi, matatu tu, yaliyopangwa kwa ajili ya mkulima. Mchimbaji ana mawili: mlaini na mgumu. Kati ya hapo mwenye nyumba anapotea. Wasukuma wana orodha ndefu kuliko Kiswahili sanifu. Luseni ni ule wa kichanga wa juu ya mwinuko, na chini kabisa kwenye tambarare iko mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Usambara, katika miaka ya 1930 alionyesha jinsi aina za udongo zinavyopangana kutoka kilele hadi bondeni, na neno mbuga likaingia katika maandishi ya kitaalamu ya Kiingereza bila kutafsiriwa. Sisi tumeliachia wanyama na watalii. Mwambie Mtanzania wa leo kwamba kiwanja chake kiko kwenye mbuga, atauliza kama kuna simba. Ilhali mjenzi angelihitaji mno: udongo wa mbuga huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, unanyanyua msingi na kuuangusha, na kuta zinapata ufa wa ngazi. Nairobi wanaujua kwa pochi zao. Huko mara nyingi huondolewa wote hadi kwenye ardhi ngumu, na gharama ya kuutoa na kuleta moramu inaweza kumshangaza mtu kuliko ukuta.

Nani sasa anaifanya kazi hii? Kwenye karatasi ni mkandarasi. Neno limetokana na kandarasi, mkataba wa Kiingereza uliovishwa ngeli ya watu, na limekaa vizuri mdomoni. Tanzania mkandarasi ni mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya 1997, na wa majengo hupangwa katika madaraja 7, la kwanza likiwa la wakubwa. Kenya wana Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ya sheria ya 2011, yenye ngazi 8. Mwenye shimo moja uani mara chache hufika huko, na aliyefika na kupewa bei hurudi nyumbani kimya. Anayekuja kweli ni fundi, na chini yake ni saidia fundi, ambaye Kenya huitwa mtu wa mkono, kana kwamba fundi hana mikono. Mchimbaji wa sululu katika ngazi hiyo yuko chini ya wote, ila ukimwita "wewe wa kuchimba" amenuna. Mwite fundi. Mama wa Goba alilijua hilo hata katikati ya ugomvi.

Na kibarua? Hapa kuna historia iliyolala ndani ya neno. Kibarua ni barua ndogo. Zanzibar ya karne ya 19, mtu aliyekodiwa kwa siku, mara nyingi mtumwa aliyetumwa na bwana wake akafanye kazi kwa wafanyabiashara na kurudi na sehemu ya ujira, alikuwa na kikaratasi cha kuthibitisha kazi yake. Karatasi ikawa jina la mtu. Baadaye wakoloni wakaleta karatasi nyingine, kipande. Kenya, tangu 1919 na 1920, kilikuwa kitambulisho cha lazima chenye alama za vidole, kikining'inizwa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Tanganyika kilikuwa kadi ya kazi, siku 30 zikitiwa alama moja moja hadi zijae ndipo mshahara utoke. Leo kijana wa Mbezi anasema "nalipwa kwa kipande", maana yake kwa kazi iliyopimwa, siyo kwa siku, na anaiona ndiyo njia ya uhuru: akimaliza saa nne asubuhi anakwenda kwake. Neno limegeuka mikononi mwa wafanyakazi wenyewe, na nadhani wanastahili pongezi.

Kwa mitaro mimi ningefufua ngwe. Ngwe ni kipande cha shamba anachopimiwa mtu mmoja alime au apalilie. Bibi zetu walimaliza ngwe zao na kukaa kivulini. Msingi wa nyumba ya vyumba vitatu unaweza kuwa na mita 60 za mtaro. Ukiwa na watu sita, kila mmoja ngwe ya mita 10, upana sentimita 60, kina sentimita 90, hiyo ni mita za ujazo 5.4 kwa kila mtu, kazi inayopimika na kuonekana kwa macho. Kigingi hapa, kigingi pale, kamba katikati. Hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake.

Mashine zimekuja na majina yanayonichekesha. Mtambo wa tani 20, wenye mkono wa chuma na ndoo ya meno, unaitwa kijiko. Ki- ile ile ya kitoto na kidege. Nadhani aliyeanza aliutazama ule mkono ukichota, akasema alichokiona, na taifa likakubali. "Kijiko kimefika" inatamkwa kwa heshima na mtaa mzima unatoka kutazama. Buldoza la kampuni yoyote ni katapila. Caterpillar ya Marekani iliundwa mwaka 1925 kwa kuunganisha kampuni mbili, na kwetu imepoteza umiliki wa jina lake kwa amani. Tingatinga ni mlio wa injini. Kenya kwanza ni trekta, na tangu uchaguzi wa 1997, chama cha Raila Odinga kilipotumia alama ya trekta, likawa jina lake la utani, Tinga. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji, hana uhusiano na trekta, ingawa watoto wa shule huuliza.

Kijiko hukodishwa kwa saa, na hapa pana mtego mwingine wa maneno. Saa za kijiko huanza kuhesabiwa lini? Kuna "kukileta", yaani lori la kukibeba kutoka kilikolala hadi kwako, na wengi hulitoza peke yake. Kuna mafuta, ya nani? Kuna utingo wa dereva na chakula chake. Shimo la mita za ujazo 9 kijiko kinalimaliza kabla chai haijapoa, halafu unalipa kiwango cha chini kilichowekwa. Kwa shimo moja kwenye uchochoro wa Goba, vijana wawili na sululu bado wanashinda. Na kijiko hakichimbi duara. Kinachimba kinavyochota, na fundi wa tofali atalalamika.

Kuna kitenzi kimoja ambacho kila mtu angependa kukisahau. Masika yakiingia Dar es Salaam, makaro na vyoo vya shimo hujaa maji ya chini ya ardhi, na wapo wanaovitapisha: wanafungua njia ili uchafu utoke na mvua, au wanachimba shimo la pembeni uhamie humo. Kutapisha. Neno limetaja tendo kwa ukweli unaotia kichefuchefu, na maofisa wa afya wanaolipiga marufuku hawajapata lililo kali zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, kwa redio na vikundi vya kusikiliza vijijini, iliwafanya watu wengi wachimbe vyoo, na msamiati wa choo cha shimo ukaenea mashambani kote. Kuchimba tulifundishwa. Shimo likijaa tufanyeje, hilo liliachwa kwa msamiati wa kila mtaa.

Turudi kwenye karatasi ya makubaliano, hata iwe ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mtoto. Usiandike "kazi ya uchimbaji". Andika vitenzi: kuchimba, kutoa kifusi nje ya kiwanja, kufukia pembeni ya kuta baada ya kujengwa, kushindilia. Kwa kufukia, andika udongo urudishwe kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji na lishindiliwe kabla ya jingine. Ukisema "fukia" tu utarudishiwa wote kwa mkupuo, na masika ya kwanza pembeni mwa karo patatitia. Andika kama udongo mgumu una bei yake, na nani ataamua kwamba ni mgumu. Shimo likizidi kimo cha mtu, andika nani anaweka mbao za kuzuia kuta, maana mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa ni karibu tani mbili, na hakuna anayetoka chini yake kwa nguvu zake.

Halafu kina. Kina ndilo neno sahihi, lakini kwenye kazi utasikia "urefu wa kwenda chini", na si kosa la kucheka. Linaondoa utata wa urefu wa mtaro na urefu wa shimo. Wachimba karo wanahesabu kwa futi, wenye mitambo ya visima kwa mita, na asiyesikiliza vizuri ananunua mara tatu ya alichotaka au theluthi yake. Futi 10 ni mita 3 na sentimita 5. Kinachosahaulika ni pa kuanzia kupima. Kwenye mteremko, mchimbaji anapima kutoka ukingo wa juu, kwa sababu huko shimo linaonekana refu. Mwenye nyumba anapima kutoka ukingo wa chini, ambako bomba lake litaingilia. Fundi mzuri anachukua ule mpira mweupe wa kupimia usawa, anaujaza maji, anapata usawa kwenye vigingi viwili, anafunga kamba juu ya shimo na kupima kutoka kwenye kamba. Ukiona hakuna kamba, uliza futi zenu zinaanzia wapi. Kwa miteremko ya Goba, jibu linaweza kupishana kwa futi mbili.